Utaratibu uandikwe kabla ya majina: barua ya wazi kwa vikao vya juu vya CCM

Kwa Ndugu Mwenyekiti wa Chama Cha Mapinduzi,
Ndugu Makamu Wenyeviti wa Bara na Zanzibar,
Ndugu Katibu Mkuu,
Ndugu Wajumbe wa Kamati Kuu na wa Halmashauri Kuu ya Taifa,

YAH: UTARATIBU WA KUMPATA MRITHI WA KIONGOZI ANAYEMALIZA MUDA WAKE

Nawasalimu kwa heshima zote. Kidumu Chama Cha Mapinduzi.

Mimi ni mwanachama wa kawaida na katibu mstaafu wa tawi. Kadi yangu niliipokea ujanani, enzi ambazo mtu alihojiwa imani ya chama kabla ya kukabidhiwa kadi, na tangu hapo sijawahi kuirudisha wala kuificha. Hoja ninazoziweka hapa si mpya. Nilizisema kwa mdomo katika mkutano wa tawi letu, kisha nikaziandika kwa mkono na kuzipeleka ngazi ya juu yake, nikapewa majibu mawili: kwamba muda wake haujafika, na kwamba mtu wa umri wangu akianza kuuliza habari za mrithi itaonekana ametumwa. Sijatumwa na mtia nia yeyote, na sina ninayemwandalia njia. Nimeona nivunje ukimya kwa sababu jambo lenyewe lina tarehe, na tarehe hiyo haisubiri.

Tarehe yenyewe ni uchaguzi wa 2030. Ibara ya 40 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inasema kwamba Makamu wa Rais akishika kiti cha Rais kikiwa kimebaki na miaka mitatu au zaidi, ataruhusiwa kugombea mara moja tu. Ndugu Mwenyekiti, Rais Samia Suluhu Hassan, alikishika kiti hicho Machi 19, 2021, kikiwa kimebaki na zaidi ya miaka minne, na mara yake moja ameitumia Oktoba 2025. Kwa hiyo 2030 chama kitahitaji jina jipya, na swali langu ni dogo kuliko wengi wanavyodhani: jina hilo litapatikana kwa utaratibu gani, na utaratibu huo umeandikwa wapi ili sisi wa matawini tuusome?

Kabla sijafika kwenye hoja, naomba nieleze kwa nini jambo hili si la wanachama peke yao. Ibara ya 39 inamtaka mgombea urais awe mwanachama wa chama cha siasa na awe amependekezwa na chama hicho. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa hukumu mwaka 2013 katika shauri la marehemu Mchungaji Christopher Mtikila kwamba katazo la mgombea binafsi linakiuka haki, lakini katazo hilo bado lipo. Maana yake ni kwamba Mtanzania hawezi kuwania urais bila kupita katika mlango wa chama fulani, na katika chama ambacho hakijawahi kuondoka madarakani mlango huo ni wetu. Julai 2015 Mkutano Mkuu ulipompitisha Ndugu John Magufuli, kura zilizohesabiwa kwa majina matatu zilikuwa 2,416. Wapiga kura walioandikishwa nchini mwaka huo walikuwa zaidi ya milioni 23. Watu 2,416 wanapowachujia watu milioni 23, hawa milioni 23 wanayo haki ya kujua chujio limesukwaje.

Mwaka huohuo wa 2015, watia nia walipokuwa wakizunguka mikoani kutafuta wadhamini 450 katika mikoa 15, nilikuwa miongoni mwa walioitwa kukaa mezani kuhakiki kadi. Bibi mmoja alifika akiwa ameitia kadi yake kwenye mfuko wa nailoni na kuufunga mfuko huo kwenye pindo la khanga. Kadi ilikuwa imelainika kama kitambaa, na alama za ada za miaka ya themanini zilikuwa zimefifia hadi nikalazimika kuipeleka dirishani kwenye mwanga. Namba niliipata kwenye rejista, naye akaweka dole gumba. Alipokuwa akijifuta wino aliniuliza, "Mwanangu, kura yenyewe tunapiga lini?" Nikamweleza kwamba kura ile hupigwa Dodoma na wajumbe wa Mkutano Mkuu, na kwamba kazi yake yeye imeishia pale mezani. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Basi nimemdhamini mtu nisiyemchagua." Aliifunga kadi yake kama alivyoileta, akaondoka. Wengi wa wadhamini wale hawakuambiwa hata jina la mtu wao lilikwamia kikao gani.

Hoja zangu ni hizi.

1. Mlango wa fomu haupaswi kufungwa kabla haujafunguliwa. Mkutano Mkuu Maalumu wa Januari 18 na 19, 2025, uliitishwa Dodoma kujaza nafasi ya Makamu Mwenyekiti wa Bara, iliyoachwa na Ndugu Abdulrahman Kinana alipojiuzulu Julai 2024, na kupokea taarifa za utekelezaji wa Ilani. Hayo ndiyo tuliyotangaziwa matawini. Siku ya pili hoja ikatoka ukumbini, na kabla wajumbe hawajarudi makwao mgombea wa Muungano alikuwa amepatikana, wa Zanzibar amepatikana, na mgombea mwenza ametajwa. Hakukuwa na tangazo la kuchukua fomu, wala wadhamini, wala kikao cha maadili, wala siku hata moja ambayo mwanachama mwenye sifa angeweza kujitokeza akashindwa kwa haki.

Najua jibu lililotolewa, nami naliheshimu: Mkutano Mkuu ndicho kikao cha mwisho, na kina mamlaka ya kuamua lolote. Ni kweli. Lakini mamlaka ya kikao huanzia kwenye ajenda. Mjumbe aliyetoka Kigoma au Mtwara akiwa ametumwa na wilaya yake kumchagua Makamu Mwenyekiti hakuwa ametumwa kuteua mgombea urais, kwa sababu wilaya yake haikujua kwamba ataulizwa jambo hilo na haikukaa kulijadili. Alipiga kura kwa dhamana ambayo hakupewa. Jibu la pili lilikuwa kwamba ni utamaduni wetu kumwachia Rais aliyeko amalize vipindi viwili, na kwamba mwaka 2000, 2010 na 2020 ilikuwa hivyohivyo. Hata hivyo, katika miaka hiyo ulikuwapo msimu wa uteuzi unaojulikana, na aliyekuwa peke yake alikuwa peke yake baada ya mlango kufunguliwa. Utamaduni wa kutompinga mtu ni hiari ya wanachama, na hiari haiwezi kupimwa mahali ambapo fomu haikuchapishwa.

Hapa lazima niseme jambo linaloniuma. Kada mmoja wa Kilimanjaro aliyeupinga hadharani utaratibu ule wa Januari alivuliwa uanachama mwezi uliofuata. Sitaki kuingia katika undani wa shauri lake. Ninachosema ni kwamba mwanachama anayeuliza kama kanuni imefuatwa anastahili kujibiwa kwa kifungu cha kanuni, na kama hana haki, kifungu hicho kitamnyamazisha vizuri kuliko kunyang'anywa kadi.

2. Anayekatwa aambiwe sababu. Hii ndiyo hoja iliyonikalia moyoni kwa muda mrefu kuliko zote, na naomba mnivumilie nikiieleza kwa kirefu.

Tazameni mwaka 1995. Mkutano Mkuu ulipelekewa majina matatu: Benjamin Mkapa, Jakaya Kikwete na Cleopa Msuya. Duru ya kwanza Kikwete aliongoza bila kufikisha nusu ya kura, ikapigwa duru ya pili, na Mkapa akashinda kwa kura 686 dhidi ya 639. Tofauti ya kura 47. Aliyeshindwa aliziona kura zake zikihesabiwa, akampa mkono aliyeshinda, akamtumikia kama waziri kwa miaka kumi, na mwaka 2005 akarudi katika mkutano uleule na kupata kura 1,072 mbele ya Salim Ahmed Salim na Mark Mwandosya. Hivyo ndivyo chama kinavyomtunza mtu wake: kinamshinda kwa hesabu ambayo yeye mwenyewe ameishuhudia.

Sasa tazameni 2015. Waliochukua fomu walikuwa 42, na 38 kati yao wakazirudisha. Kamati Kuu ikapeleka majina matano, na jina la Edward Lowassa, Waziri Mkuu wa zamani, halikuwamo. Usiku wa Julai 10 wajumbe watatu wa Kamati Kuu yenyewe walijitokeza mbele ya waandishi wa habari na kujitenga na uamuzi huo, na mmoja wao, Ndugu Emmanuel Nchimbi, leo ndiye Makamu wa Rais. Baadhi ya wajumbe wa Halmashauri Kuu waliimba mbele ya Mwenyekiti kwamba wana imani na aliyekatwa. Kabla mwezi haujaisha Lowassa alikuwa Chadema, chama cha upinzani, na Oktoba alipata kura zaidi ya milioni sita, takriban asilimia 40 ya kura zote. Mgombea wetu alipata asilimia 58, kiwango cha chini kuliko vyote tangu vyama vingi virudi. Hali hiyo tuliisababisha wenyewe, ndani ya chumba kimoja, kwa usiku mmoja.

Simtetei marehemu Lowassa. Inawezekana kabisa kwamba sababu za kumkata zilikuwepo na zilikuwa nzito. Ninachouliza ni kwa nini hazikusemwa. Februari 2014 chama kilikuwa kimewapa onyo makada sita, Lowassa, Sumaye, Membe, Wasira, Makamba na Ngeleja, kwa kuanza kampeni mapema, na kikawaweka chini ya uangalizi kwa miezi 12. Wawili kati ya hao sita, Membe na Makamba, waliingia katika tano bora. Mmoja, Ndugu Stephen Wasira, leo ni Makamu Mwenyekiti wetu. Kwa hiyo lile onyo halikuwa kikwazo. Kikwazo kilikuwa kingine, na mpaka leo, zaidi ya miaka kumi baadaye, mwanachama wa tawini akiulizwa kilikuwa nini hana la kujibu isipokuwa uvumi.

Kuna atakayenikumbusha Mzee John Malecela, aliyekatwa 1995 akakatwa tena 2005 na bado akabaki chamani. Nakubali, na kwa hilo namheshimu mno. Lakini chama kilinusurika hapo kwa uvumilivu wa mzee mmoja, na hatuwezi kuujengea utaratibu wa nchi juu ya matumaini kwamba kila atakayekatwa atakuwa na moyo wa Mzee Malecela.

Nimeshawahi kuambiwa kwamba sababu hazisemwi ili kulinda heshima ya mtu. Heshima gani hiyo, ilhali ukimya huo huwaachia watu wa vijiweni wamtungie mtu maradhi, wizi na usaliti? Mwenyewe aandikiwe barua, aitwe ajieleze, na kama anataka sababu zibaki siri, aombe yeye.

3. Anayeondoka asikalie kiti cha kumchagua anayeingia. Mwaka 1995 vikao vyote vitatu, Kamati Kuu, Halmashauri Kuu na Mkutano Mkuu, viliongozwa na Mzee Mwinyi aliyekuwa anaondoka. Mwaka 2005 viliongozwa na Mzee Mkapa, na 2015 na Mzee Kikwete. Wote watatu ni watu ninaowaheshimu, wawili kati yao wametangulia mbele ya haki, na sisemi kwamba yeyote alitumia kiti vibaya. Nasema kwamba kiti chenyewe kimebeba mno. Mwenyekiti wa kikao ndiye Rais aliyewateua watia nia wengi kuwa mawaziri, ndiye anayewateua wakuu wa mikoa na wilaya ambao kwa nafasi zao huingia kwenye kamati za siasa, na ndiye ambaye vyombo vya usalama humpelekea taarifa za watia nia haohao. Mjumbe anayenyanyua mkono mbele ya mtu huyo anapima mambo mengi kuliko sifa za mgombea. Ninaomba, kwa ajenda hiyo moja tu, kiti kikaliwe na mtu mwingine asiyewania na asiye na mamlaka ya uteuzi serikalini. Tunalo Baraza la Ushauri la viongozi wastaafu, na hapo hatutakosa mtu.

4. Wajumbe wa 2030 watachaguliwa 2027. Ninaweka hoja hii wazi kwa sababu ndiyo inayobatilisha jibu la "bado mapema". Uchaguzi wa ndani wa chama hufanyika kila baada ya miaka mitano; tuliufanya 2012, 2017 na 2022, na unaofuata ni 2027. Wenyeviti wa wilaya na wa mikoa, wajumbe wa Halmashauri Kuu na wajumbe wa Mkutano Mkuu watakaopatikana 2027 ndio watakaomteua mgombea wa 2030. Anayetaka urais wa 2030 hahitaji kusubiri fomu. Anahitaji kupanga safu 2027, wilaya kwa wilaya, na atakapochukua fomu miaka mitatu baadaye kura zake zitakuwa tayari zimekaa ukumbini. Tuliokuwapo 2005 tunajua neno "mtandao", yaani safu ya watu waliopangwa mapema kumbeba mtia nia, lilimaanisha nini, na tunajua majeraha yake yalichukua muda gani kupona.

Nani atagharamia safu hizo? Nimehudhuria chaguzi za wilaya ambapo wajumbe walilala nyumba moja ya wageni kwa siku mbili kwa gharama za mtu ambaye jina lake halikuwamo kwenye karatasi ya kura. Sheria ya takrima, iliyoruhusu mgombea kuwakirimu wapiga kura, ilibatilishwa na Mahakama Kuu mwaka 2006, lakini takrima yenyewe ilibadili jina tu. Kama chama hakitaweka kanuni ya fedha za kuwania nafasi za ndani kabla ya 2027, basi kanuni ya uteuzi wa 2030, hata ikiandikwa vizuri namna gani, itawakuta wajumbe walioshalipiwa.

5. Kofia ya pili haina tarehe ya kukabidhiwa. Mwalimu aliuacha urais 1985 na uenyekiti 1990. Mzee Mwinyi aliacha urais Novemba 1995 na uenyekiti 1996, Mzee Mkapa Desemba 2005 na Juni 2006, Mzee Kikwete Novemba 2015 na Julai 2016. Kila mmoja alikabidhi alipoona inafaa, na tumeshukuru kwamba walikabidhi. Alipofariki Rais Magufuli Machi 17, 2021, kiti cha Mwenyekiti kilibaki wazi kwa siku 44 hadi Mkutano Mkuu Maalumu wa Aprili 30, ambapo Ndugu Mwenyekiti wa sasa alipigiwa kura zote 1,862. Chama kilivuka salama katika msiba mzito, na waliokivusha wanastahili pongezi. Lakini Katiba ya nchi ilituambia nani anakuwa Rais. Ya chama iliachia desturi. Andikeni muda wa mwisho, basi.

6. Zanzibar. Rais Hussein Mwinyi naye anamaliza 2030, na jina la atakayemfuata litaamuliwa na Halmashauri Kuu ya Taifa, Dodoma, baada ya mapendekezo ya Kamati Maalumu ya chama, Zanzibar. Mwaka 2000 mapendekezo ya Zanzibar na uamuzi wa Dodoma havikulingana. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wataliandikia jambo hili vizuri kuliko mimi. Naliweka hapa ili lisisahaulike tutakapokuwa tunabishana kuhusu Bara.

Najua nitakayojibiwa zaidi ya haya. Nitaambiwa umoja wa chama ndio ngao yetu na kwamba mjadala wa urithi unagawa watu. Nimeishi ndani ya chama hiki kwa miongo minne, na sikumbuki mpasuko wetu mkubwa hata mmoja uliotokana na kanuni iliyojulikana mapema. Tulipasuka pale ambapo watu walishtukizwa.

Nitaambiwa pia kwamba kuwapa wanachama sauti kubwa ni hatari, na nitaoneshwa Uingereza, ambako mwaka 2022 wabunge wa chama tawala walimweka Rishi Sunak mbele, wanachama wakamchagua Liz Truss kwa asilimia 57, na Truss akadumu madarakani siku 49. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo sababu siombi kila mwenye kadi apige kura ya mwisho. Afrika Kusini inafanana nasi zaidi. Kabla ya mkutano wa chama tawala cha huko wakati huo, ANC, wa kuchagua kiongozi wake Desemba 2017, kila tawi lilikaa na kupendekeza jina, na idadi ya matawi kwa kila jina ikajulikana nchi nzima kabla ya wajumbe kufika ukumbini. Cyril Ramaphosa akashinda kwa kura 2,440 dhidi ya 2,261 za Nkosazana Dlamini-Zuma. Fedha zilitumika mno, na ubishi wa fedha hizo ukafika hadi mahakamani, kwa hiyo sisemi tuige kila kitu. Ninachokitamani ni lile karatasi la tawi. Bibi yule wa khanga angekuwa na mahali pa kuliweka jina lake, na mjumbe wa wilaya yake angeenda Dodoma akijua ametumwa nini.

Kuna jibu jingine lisilosemwa kwa sauti: kwamba mgombea wa CCM hushinda tu, kwa hiyo namna alivyopatikana haina madhara. Oktoba 2025 mgombea wetu alitangazwa mshindi kwa asilimia 97.66, na siku zilezile za uchaguzi mitaa ya miji yetu iliingia damu, amri ya kutotoka nje ikatangazwa na intaneti ikazimwa. Sidai kwamba mkutano wa Januari peke yake ndio ulioleta maafa hayo. Yalikuwa na sababu nyingi, na wenye kufiwa wanazijua kuliko mimi. Lakini vijana wa mtaani kwangu, baadhi yao watoto wa wanachama, walikuwa wameshaniambia tangu Februari kwamba uchaguzi umekwisha. Sikuwa na la kuwajibu.

Ninachoomba ni hiki. Halmashauri Kuu ya Taifa iandae, na Mkutano Mkuu upitishe kabla ya uchaguzi wa ndani wa 2027, kanuni moja iliyochapishwa ya kumpata mgombea urais, yenye kipindi cha fomu kisichoweza kufupishwa wala kurukwa kwa hoja itokayo ukumbini, na yenye sharti kwamba uteuzi wowote wa mgombea uwe umo kwenye ajenda iliyotumwa wilayani si chini ya siku 60 kabla. Kanuni hiyo iyape matawi nafasi ya kupendekeza majina kwa maandishi, na hesabu ya mapendekezo itangazwe mkoa kwa mkoa hata kama vikao vya juu vitabaki na haki ya kuchuja. Kila atakayechujwa apewe sababu kwa barua, na awe na siku za kukata rufaa mbele ya watu ambao hawakukaa katika kikao kilichomchuja. Kiti cha vikao hivyo kikaliwe na asiye na mamlaka ya uteuzi serikalini. Kofia ya uenyekiti iwekewe muda wa mwisho wa kukabidhiwa. Kanuni ya fedha za kuwania nafasi za ndani itoke kabla fomu za 2027 hazijatoka. Na mwanachama anayeuliza habari za kanuni asihesabiwe msaliti.

Rasimu hiyo ishushwe matawini kabla ya kupitishwa, tukae nayo walau mwezi mmoja, tuirudishe na maoni. Tawi letu hukutana Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, chini ya mwembe ulio nyuma ya ofisi, kwa sababu ndani viti ni vichache. Tukiletewa, tutaisoma kwa sauti kifungu kwa kifungu, kwa ajili ya wale wasioona vizuri.

Nakala ya barua hii yenye jina langu, namba ya kadi na sahihi nimeikabidhi kwa mkono katika ofisi ya tawi, na nimegongewa muhuri wa kupokelewa.

Wenu katika ujenzi wa chama,

Mwanachama na Katibu Mstaafu wa Tawi

Nakala: Katibu wa Tawi, kwa ajili ya kusomwa katika mkutano ujao wa wanachama.